Kata

Bendera ya kwanza niliishona mimi.
Kitambaa kilikuwa pazia la chumbani kwa Kadzo,
kijani iliyochujuka upande uliopigwa na jua,
na ile kata niliikata kwenye kanga kuukuu ya mama:
kifuu cha kahawia, mpini mrefu,
nikazungusha uzi mara mbili isije ikafumuka.
Mlikuwa kumi na wanane ukumbini kwangu, Majengo,
wengine mmekalia magunia ya vitambaa,
na Ochola wa bandarini akasema,
"Kila mdomo kata moja. Asizidishiwe mtu, asikose mtu."
Tukaandika hivyo hivyo. Ndiyo iliyokuwa katiba,
kabla ya mawakili.

Siku zile mfereji ulikohoa usiku wa manane tu,
hewa kwanza, kisha kutu, kisha maji kiduchu,
na kisima cha Kisauni kilikuwa chumvi tupu,
chai ya maziwa ikikatika kabla ya kuchemka.
Nilipita mlango kwa mlango na daftari la kurasa mia mbili.
Niliwauzia kadi wanawake walioshika ndoo,
nikawaambia, shikeni na hii.
Waliniamini mimi. Si wewe. Wewe hukuwa na uso bado,
ulikuwa unatumia wangu.

Juzi nilikwenda ofisini kwako kupya, ng'ambo ya daraja, Nyali.
Lango linajifungua lenyewe. Bawabu akaniuliza,
"Mama, umeleta nguo za nani?"
kwa ajili ya mfuko, na sindano niliyoisahau kifuani.
Ndani kuna ubaridi wa bucha.
Kijana mmoja mpole, Mola amhifadhi, akanitafuta
kwenye kompyuta, akanitafuta tena,
akanipa chupa ya maji.
Kibandiko chake nakijua. Ni yule mwenye maboza,
yule tuliyemwandamania mwaka mzima pale Sabasaba,
tukapigwa mabomu ya machozi kwa sababu yake,
tukanawa macho kwa maji yake, tuliyoyanunua.
Picha yake iko ukutani, ya pili kutoka juu.
"Mfadhili," kijana akasema. "Na mwanachama wa maisha."

Nikatazama bendera. Kijani ni ileile, haijachujuka,
imechapwa mbali, haina mshono hata mmoja.
Ila kata imepakwa dhahabu, mpini umeng'olewa,
imewekewa masikio mawili na kitako.
Ni kikombe cha washindi. Hakichoti.
Hunyanyuliwa tu, watu wapige makofi.

Sikupiga kelele. Nilidhani ningepiga.
Nilirudi nikashona gauni la bibi harusi wa Tudor,
nikakosea mkono wa kushoto, nikafumua, nikakosea tena.

Jana wapinzani wako walinijia, hata adhuhuri haijafika.
Wamebeba unga. Wamesikia nina uchungu.
Nikawaambia uchungu huu siuuzi,
na garini mwao niliona katoni za maji yaleyale.

Wanangu wasema, ni chama tu, mama.
Lakini siku Mbwarali alipokata roho hospitali ya Makadara
mimi nilikuwa Likoni nahesabu kura,
kura zako, na ulikuwa umeshindwa,
na bado nilizihesabu mara tatu.
Hilo nimpelekee nani? Kwenye kompyuta ile halimo.

Bendera ya pazia ninayo. Hufunika cherehani isiingie vumbi.
Usiku nilikaa nayo mapajani, wembe mkononi,
nikitaka kuitoa ile kata, angalau kipande cha mama kirudi kwa mama.
Uzi ule wa mara mbili ukakataa.
Nikavuta. Kilichoanza kuchanika ni pazia.
Nikaacha.

Saa nane mfereji ukaanza kukohoa.
Nikainuka na ndoo.