Nilikuwa Nimeshika Saa

Refa hupewa lawama, mfungaji hupewa jina.
Mimi nilipewa saa: ya chuma, nzito kama yai la bata,
tuliyoiazima kwa mwalimu wa mbio wa Magereza,
nikatia sahihi kwamba itarudi Jumatatu.

Ukumbi wa Lugogo, Jumamosi, mvua juu ya mabati.
Mara yetu ya kwanza, timu ya taifa ya wanawake,
kuwaalika majirani nyumbani.
Namba za fulana tulizishona wenyewe usiku;
sita ya Kemigisha ikapinduka ikawa tisa,
naye akaivaa hivyo hivyo: "Tisa si kubwa zaidi?"

Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, Nsambya.
Kiswahili kwetu kilikuwa cha gwaride na cha foleni ya bombani,
lugha ambayo mjini waliitazama
kama buti lililoachwa mlangoni mwao.
Lakini Driciru wa Arua, Nakirya wa Jinja,
Chelangat wa Kapchorwa, nani alijua lugha ya mwenzake?
Basi uwanjani tulipigiana kelele kwa Kiswahili,
na timu za Kampala zikabaki zimeduwaa.

Siku hiyo tulisahau jambo moja.

Driciru akaita, "Zunguka nyuma, mpe wa kulia!"
na kabla Nakirya hajageuka
yule Mkenya, Mwikali, mrefu kama mlingoti,
alikuwa kulia tayari, anasubiri.
"Asante, dada," akasema,
kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu,
mpira u mikononi mwake.

Benchi likacheka. Nami nikacheka, mtunza saa asiyeruhusiwa.

Mapumziko, pointi kumi na mbili nyuma.
Driciru alikuwa na njaa; mpango ukatokea hapo.
Luwombo: mfunge, mzungushie majani, asipumue.
Kalo: simama, jaza nafasi, usisogee.
Malakwang: kushoto, ukali kwanza, utamu baadaye.

Robo ya tatu ikawa jiko.
"Luwombo! Luwombo!" na Mwikali akitazama huku na huku
kama mgeni aliyekaribishwa mezani
bila kuoneshwa pa kunawa.
Watu wakaingia kutoka mvuani: mafundi wa gereji,
muuza karanga na sinia lake,
masista wawili wenye tope hadi vifundoni.
Sikujua kelele zina uzito.
Penseli ilibingirika mezani yenyewe, ikaanguka.

Sekunde nne. Hamsini na nane kwa hamsini na tisa.
"Malakwang!"
Chelangat akapanda,
Chelangat aliyenisuka nywele asubuhi ile.
Nilitazama vidole vyake, sikutazama kikapu;
ndiyo kazi yenyewe.
Mshale ukafika. Nikapiga kengele.
Mpira ulikuwa ungali kwenye ncha ya kidole cha kati,
ungali, upana wa ukucha,
kisha ukaenda zake, ukaingia
bila hata kugusa chuma.

Ukumbi ukalipuka. Sista mmoja akamkumbatia muuza karanga.
Refa hakutazama kikapu.
Alinitazama mimi.

Ningeweza kukohoa. Ningeweza kuinama niokote penseli.

Nikatikisa kichwa.

Gazeti liliandika mistari minne,
na Kemigisha akaitwa namba tisa.
Saa niliirudisha Jumatatu; mwalimu akaitikisa sikioni,
akaniuliza kama ilifanya kazi vizuri.
Nikasema ndiyo.

Chelangat hakunisemesha hadi Alhamisi.
Alhamisi akaja na kitana, akakaa nyuma yangu kizingitini,
akafumua nywele zote alizonisuka,
akaanza upya, msuko kwa msuko.
Alivuta kwa nguvu kuliko siku zote.
Sikulalamika.