Nyumba ya Tatu ya Degu

Mkataba wake ulipokwisha, Madamu Pilar aliniachia
makopo manne ya rangi, ngazi yenye kilema,
na kikapu chenye viumbe wawili.
"Si panya," alisema. "Ni degu. Kwetu huchimba chini ya milima."
Sikumuuliza aliwapitishaje mpakani.
Mimi ni fundi wa chukudu, hapa Ndosho.
Nilitazama meno yao: rangi ya mawese.
Nikasema moyoni, hawa ni maseremala wenzangu.

Nyumba ya kwanza niliijenga kwa mbao,
kama wanavyojengewa watu katika mji huu.
Nikaipiga randa, nikaipa mlango na bawaba.
Siku ya tatu mlango ulikuwa unga.
Kanyere, binti yangu, aliwakuta kwenye gunia la maharage
wakizungumza, maana hawa husema kutwa,
krii-krii, kama watu waliopanga madumu bombani.

Ya pili, bati tupu. Ujinga.
Saa sita mchana niliweka kiganja juu yake
nikakiondoa kama aliyegusa sufuria.
Walikuwa wamelala ubavu, midomo wazi.
Nikatoboa, nikatoboa mpaka msumari ukapinda,
kisha nikaacha.
Kuna makosa yasiyotibiwa kwa matundu.

Jirani yangu Sekanabo aliegemea ua:
"Fundi, Sake nzima imelala chini ya mahema,
wewe unawapimia panya sebule?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na penseli sikioni.
Hata sasa sina.

Ya tatu niliianza kwa kutazama.
Siku mbili kwenye kigoda, chukudu ya mteja ikinisubiri
miguu juu, kama mbuzi aliyekufa.
Wanapenda kupanda, ila kuanguka kunawavunja:
basi ghorofa tatu, zilizokaribiana.
Hulala wamelaliana: basi chumba kimoja tu,
cha giza, chungu kilichovunjika shingo.
Waya wa matundu madogo, kidole cha mtoto kisipite.
Matawi ya mpera ya kutafuna, wasitafune nguzo.
Muwa hapana, ndizi mbivu hapana;
sukari huwaua, Madamu aliandika hilo mara mbili.
Na mkia usishikwe, hata kwa upendo.
Kanyere aliushika. Ngozi ikabaki mkononi mwake
kama ala bila kisu,
akalia kuliko mnyama mwenyewe.

Kisha gurudumu la kukimbilia. Hapo nilicheka.
Lisiwe na njiti, iliandikwa, mguu usije ukanaswa.
Liwe zima.
Miaka ishirini na sita nimechonga nini kingine?
Nikalichonga dogo kama sahani,
nikalipaka mafuta kwenye ekseli,
likazunguka bila kulia. La mteja lililia.

Na mahali pa kuogea, maana maji hawayataki;
huoga vumbi.
Nikachekecha majivu ya mlima kwa kipande cha neti,
mlima uleule uliomeza nyumba yangu ya mwanzo
na jiko la mama, na jina la njia tuliyokaa.
Nikayamimina kwenye sinia.
Wakaingia, wakajiviringisha, matumbo juu,
wakatoka wanang'aa.
Nilisimama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Imekwisha. Ni ndefu kama mimi nikilala.
Upana wake ni upana wa ubao wa chukudu,
wala hauzidi hata unene wa kucha,
na pembeni nimefunga vishikio vinne vya kamba.
Madamu hakuandika habari za vishikio.

"Baba, hivi ni vya nini?" Kanyere aliuliza.
Juu ya paa la Sekanabo mawingu yalikuwa mekundu kwa chini,
kama kawaida, si zaidi ya jana.
Nikamwambia anishikie taa,
nikakaza fundo la nne.
Ndani, gurudumu lilianza kuzunguka.