Kikaratasi cha Herufi V

Leo nimefika kwenye V.
Herufi yenyewe imechongoka kama chonge,
imesimama kwa ncha yake
kama iliyokwisha kuuma, sasa yangoja.

Bwana Featherstone kanikabidhi neno moja,
vikaratasi mia mbili na kumi, siku nne.
"Bibi Thirlwell," kasema, akikung'uta mwavuli,
"maana kwanza, matumizi baadaye.
Hisia ziache mlangoni na viatu vya matope."
Durham yote inanyeshewa. Nikachovya kalamu.

Maana ya kwanza haikunitoa jasho:
husemwa juu ya nyoka, nge, nyigu;
chenye sumu, na chenye njia ya kuipenyeza.
Nikamkumbuka moma mdogo wa nyika za Hexham,
mgongo wake kama mshono wa haraka haraka,
akiota jua la Aprili juu ya jiwe,
na Lettice mdogo wangu, miaka sita, akinyoosha kidole.
Nilimvuta kwa nywele.
Alilia kutwa, akililia nywele,
nyoka hakumtaja.

Nikaongeza angalizo: uyoga hauitwi hivi.
Uyoga umetulia chini ya msonobari,
ni wewe uliyeufuata na kikapu chako.
Mwenye neno hili hukufuata yeye.

Maana ya pili: husemwa juu ya ulimi, kalamu, tabasamu,
jicho la wifi mazishini
(hilo nimelifuta).
Chenye inda. Chenye kukusudia.
Hapa vikaratasi vilifurika mezani:
mahubiri, magazeti, kesi za mipaka ya mashamba,
mjane mmoja akimlalamikia hakimu juu ya jirani na bata wake.
Nimevipekua vyote, kimoja kimoja.
Hakuna hata mmoja aliyejiita hivyo mwenyewe.
Neno zima halina nafsi ya kwanza.

Kisha asili. Kamusi ya Kilatini inanuka makaa.
Wapo wanaodhani kwamba hapo kale, kabla ya sumu,
neno hili lilikuwa limbwata:
tone moja ndani ya divai
ili anayekupa kisogo akupe uso.
Lilivukaje kutoka kikombeni hadi kwenye jino?
Hakuna aliyeniletea kikaratasi cha hilo.

Nilifika siku ya tatu, kwa treni, na glavu nyeusi.
Lettice alikuwa amemgeuza mama kitandani miaka miwili,
mikono imemchubuka kwa sabuni,
funguo zote kiunoni mwake.
Nilitaka aseme, Hester, kaa, chai ipo.
Akaniuliza treni ya kurudi ni saa ngapi.

Nikamwandikia: "Ulimuuguza mama
kama paka amuuguzavyo shomoro."
Kwanza nilikuwa nimeandika njiwa.
Nikaisoma kwa sauti, nikaona njiwa ni mkubwa mno,
paka angetoka jasho. Nikaweka shomoro.
Nikailamba bahasha, gundi ikanikaa ulimini
tamu tamu, mpaka usiku.
Miaka tisa sasa. Hakujibu.

Saa kumi na moja wamewasha taa za gesi.
Bwana Featherstone anataka mfano mmoja mbichi
kwa maana ya pili; hii ya kwetu, anasema, imeota ukungu.
Nimechukua kikaratasi safi.
Nimemweka paka. Nimemweka shomoro.
Mahali pa jina la mwandishi nimeacha wazi.

Alicheka hadi miwani ikamwanguka.
"Hii ni mali! Ameisema nani?"
"Mwanamke mmoja wa kaskazini," nikamjibu.
"Unamjua?"
"Kidogo."

Nilipotoka nilipitia posta, nikanunua stempu moja.
Iko hapa, juu ya meza, karibu na mshumaa.
Sijailamba.