Vipimo vya Mabega

Picha hushuka zikiwa kijivu.
Watu hudhani darubini hutuletea rangi,
zambarau zile za kalenda na fulana.
La. Hushuka kijivu, zimejaa mikwaruzo,
nami, ghorofa ya tatu, Baltimore, Februari,
koti mwilini hata ofisini,
naichukua picha ya leo
natoa ndani yake picha ya mwaka juzi
kama mwenye duka anavyokata deni daftarini.
Kilichokuwepo na kingalipo hufutana.
Hubaki sifuri, sifuri, weusi mtupu,
na nukta.

Loretta Kowalczyk huweka kahawa karibu mno na kibodi.
"Hiyo hapo," anasema. "Na ile. Na ile kule."
Nukta tatu pembezoni mwa kundi moja la galaksi,
supanova moja,
nyota iliyolipuka mara moja tu.

Nilimweleza shangazi hivi, kwa simu:
kundi lile ni zito,
uzito wake umeibonyeza anga
kama pasi ya mkaa juu ya kitambaa kilichowambwa,
na mwanga ukifika hapo haukati moja kwa moja.
Mwingine huzunguka kushoto, mwingine kulia,
mwingine huzama bondeni na kupanda taratibu,
wote wamebeba kifo kilekile.
Shangazi akanyamaza, kisha:
"Sasa huyo kafa mara ngapi?"
Mara moja, shangazi.
Ila habari ina miguu mingi.

Najua. Baba alinifia hivyo.
Kwanza Hoza, saa tisa usiku, kutoka Korogwe,
simu ikikatika kila alipokaribia jina.
Asubuhi, kundi la ukoo:
pole mia na kitu, mishumaa, mikono iliyofumbatana,
na mtu mmoja aliyeuliza bei ya mahindi
akafuta.
Halafu, siku ya arobaini na moja,
theluji imefunika ngazi za marumaru za jirani,
bahasha ya kaki, stempu tatu,
mwandiko wa baba, herufi wima kama pini:

*Nasikia huko baridi inagandisha maziwa.
Kitambaa cha sufu nimepata, cha kijivu.
Nitumie vipimo vya mabega.
Usikadirie. Pima.*

Hesabu zetu zinasema mwanga wa nne uko njiani.
Huo ulipita karibu na kitovu, penye uzito zaidi,
utafika Novemba,
kosa la wiki tano, mbele au nyuma.
Nyota yenyewe ni majivu
tangu jua letu halijawaka,
lakini pale, kwenye kona ile ya picha,
haijafa bado.
Naikuza galaksi yake, kipande cha uzi uliopinda,
naikuza hadi inakuwa miraba mitupu,
naitazama ikiwa haina habari.
Siku ya msiba nimeiandika ukutani.
Sina pa kupiga simu.

Saa za darubini huombwa kwa maandishi,
kurasa nne, sababu, hatari, faida.
Tumeomba saa sita.
Loretta alikuwa na futi ya kushonea mkobani,
anapima mapazia ya nyumba yake Highlandtown.
Nikamwambia, simama nyuma yangu.
Hakuuliza. Vidole vyake vilikuwa baridi,
mfupa hadi mfupa,
akarudia mara ya pili, kama tufanyavyo na kila kitu humu.
"Inchi kumi na sita na nusu."
Akakunja futi, akarudi kwa kahawa yake.

Nimeandika daftarini
chini ya Novemba na kosa lake la wiki tano:
kumi na sita na nusu.
Safu ya kosa
nimeiacha wazi.