Nusu Milimita

Boneti haifungi.
Nimeisukuma kwa kidole gumba, kwa adabu,
kisha kwa ukali, kama mtu anayefunga sanduku la safari,
nayo inarudi juu, inaachama,
haina hata haya.

Usiku wa tatu huu. Nje, Española imepakwa theluji nyepesi,
moshi wa kuni za msonobari unashuka bondeni,
na mimi, Orlinda Archuleta, mstaafu wa posta,
nina miwani mbili puani, moja juu ya nyingine,
na wembe mkononi.

Lawama ni zangu. Nilichanganya koo tatu:
bodi ni ya Impala ya sitini na nne,
chasisi niliinyofoa kwenye pikapu,
injini ilitoka katika boksi lisilo na jina
nililouziwa dola mbili kwenye mnada wa kanisa.
Ndugu wa kambo watatu, kitanda kimoja:
lazima mmoja alale na goti la mwenzake mbavuni.

Moja kwa ishirini na tano, yasema maelekezo.
Yaani nusu milimita hapa mezani
ni nusu inchi kule barabarani,
na nusu inchi, kaka yangu Delfino angekwambia,
ndiyo inayotenga gari na makelele.

Nikaanza na msasa. Nikakipunguza kifuniko cha kabureta
mpaka kikawa chembamba kama hostia.
Haikufunga.
Nikachonga ubavu wa radieta. Haikufunga.
Nikakwangua tumbo la boneti yenyewe, pumzi nimeibana,
mpaka mwanga wa taa ukapenya plastiki, mwekundu,
kama sikio la sungura juani.
Hapo nikaacha. Mkwaruzo mmoja zaidi ningetoboa.
Nikaichovya maji ya moto, niikunje kidogo;
ikakunjika upande iliotaka yenyewe.

Fidencio alikuja kurudisha sufuria.
Miaka arobaini amenyoosha mabati ya magari ya watu.
Hakuketi. Alitazama, akavuta pua, akasema:
"Unamkanda kichwa mtu aliyekanyaga mwiba."
Akaenda zake.

Nikaligeuza gari. Nikafungua kila kilichokubali kufunguka.
Chini ya mguu wa kushoto wa injini,
tone la gundi, gumu, la manjano,
dogo kuliko mbegu ya pilipili.

Ninalijua tone lile. Ni la Novemba.
Kichupa kilikuwa mkononi simu ilipolia kutoka hospitali, Santa Fe.
Niliiweka injini hivyo hivyo, sikufuta,
nikachukua funguo, nikachukua koti lisilo langu.
Miezi mitatu imekalia tone hilo,
na kila nilichojenga juu yake kimeinuka kidogo,
kidogo tu, upande mmoja.

Nikatafuta ile tupa nyembamba
ambayo Delfino aliichonga kutoka shazia ya kushonea viatu.
Tone likatoka lote kwa pigo moja, tk,
likaruka, likapotea zuliani.
Nililitafuta kwa magoti muda mrefu.
Usiniulize nilitaka kulifanyia nini.

Injini ikaketi.
Boneti ikashuka kwa uzito wake, bila kidole,
ikatoa sauti ndogo, kama mtu anayeitikia akiwa usingizini.

Kumbe kabureta nimeikondesha bure,
na radieta, na lile tumbo jekundu.
Hayo yatabaki humo ndani. Nani atafunua?
Delfino angefunua. Kabla ya salamu, kabla ya kahawa,
angefunua boneti, angeona kila kovu,
angenicheka mpaka akohoe.

Nimenawa. Nimezima taa.
Nimeiwasha tena.
Mlango wa kulia haufungi:
mwanya wa unene wa ukucha,
labda hata haufiki.