Chembe Tatu kwa Dakika

Tartu, Januari. Mto Emajõgi umeganda,
nasi watatu tumejifungia jikoni kwangu
kubuni pesa ambayo haijazaliwa.

Kaupo anachora mstari kwenye mlango wa friji:
unapanda, unalala, unazidi kulala, haushuki.
"Hapa," asema, "sote tumeshakufa."

Hillar hataki mstari. Hillar anataka ukuta.
Milioni kumi na nane, kisha mlango ufungwe,
isizaliwe tena hata sarafu moja.
Anajua chovya chovya ilivyomaliza buyu la asali:
alikuwa mtoto mwaka ule rubli za babaye
zilipogeuka karatasi za kuwashia jiko.

Namuuliza: na walinzi wa daftari?
Wale wanaokesha na mashine zao,
wakihakiki, wakiukataa uongo,
siku sarafu mpya zikikoma watakula nini?
Ada, asema. Ada za wapitao.
Na usiku asiopita mtu?
Ananyamaza. Friji inanguruma.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Waliosema hivyo hawakumjua Endel,
kakaye Hillar, aliyezama Machi ile
barafu ya ziwa Peipsi ilipomdanganya,
na maneno ishirini na manne ya siri kichwani mwake.
Daftari la sarafu ile kongwe liko wazi.
Mali ipo, dunia nzima inaiona,
sarafu mia sita na mbili, hazijaguswa:
imepotea pamoja na habari zake zote.

Hapo ndipo ninapomwelewa.
Kwake kila sarafu mpya ni mgeni
anayekalishwa kwenye kiti cha ndugu yake.

Nafunua bakuli. Chachu ya mkate mweusi,
ya bibi yangu Leida, aliyeivusha vita
ndani ya kitambaa, imekauka kama udongo.
Kila Jumamosi naoka, kila Jumamosi nabakiza
konzi moja. Konzi ileile,
hata mwaka tuliokuwa kumi na mmoja mezani.

Chembe tatu kwa dakika, nasema.
Si asilimia. Chembe tatu.
Mwaka wa kwanza ni gharika,
wa hamsini ni umande,
wa mia mbili, atakayezihesabu ataona haya.
Na kadiri zinavyozidi, ndivyo nyingi zitakavyopotea
(diski zitatupwa, wazee watasahau,
barafu itapasuka tena)
hadi zinazozaliwa na zinazokufa
zipishane mlangoni, sawa kwa sawa,
asisikie mtu.

Kaupo anapiga hesabu. Anarudia.
Anaitikia kwa kichwa.

Hillar anaitazama namba muda mrefu.
Hatii sahihi.
Anauliza kama mkate umepoa,
anakata ncha yake, ile ngumu,
na kuiweka upande wa pili wa meza,
mbele ya kiti kisicho na mtu.