Tanbihi ya Arobaini na Moja

Bi Hester Quilty, nakuandikia
kutoka ghorofa ya nne, chumba kisicho dirisha,
Melbourne, mwezi wa Julai, vidole vimekufa ganzi.
Kitabu chako nilikipata kwa dola mbili
ndani ya boksi la ramani kuukuu na miongozo ya kushona,
nje ya duka la mitumba, Swan Hill.
Ghala la Chumvi. Wadudu wamelila jalada,
jina lako limebaki HESTER QUI,
kama mtu aliyekatizwa akijitambulisha.

Nakala ya maktaba ina muhuri wa mwisho
wa Machi, mwaka wa sitini na moja.
Tangu hapo hakuna aliyekuazima,
hata kwa kukosea rafu.

Msimamizi wangu aliinua miwani: "Mwandishi mdogo."
Nikauliza, mdogo kwa mizani ipi,
na mizani kaishika nani?
Akacheka. Akanipa miezi sita.
Jarida la kwanza lilinijibu kwa mstari mmoja.
La pili, msomaji asiye na jina akaandika:
"Hoja si mbaya. Lakini kwa nini huyu?"
Nimelibandika swali hilo juu ya birika.
Kila maji yakichemka nalijibu upya.

Kwa sababu ya ukurasa wa sitini na tatu:
wanaume wanakwangua chumvi Ziwa Tyrrell,
midomo imepasuka, hawasemezani,
nawe ukaandika sentensi isiyo na kitenzi,
mistari kumi na minne, myeupe, bila nukta,
hata mimi niliyeketi nikashikwa na kiu,
nikaenda bombani saa nane ya usiku.
Hiyo nayo ni hoja. Niliiandika hivyohivyo,
kisha nikaifuta, nikaweka "mkakati wa kimtindo".
Unisamehe. Ndiyo lugha inayotulisha.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji;
lakini wewe ulizikwa Sea Lake vita havijaisha,
kibuyu kimezibwa, nani atalitia maji?
Basi nikakusifu. Nikakusifu kurasa thelathini,
nikampa Talia Purcell azisome,
yeye wa meza ya pili, anayeandika juu ya barua
za wafungwa wa kambi za mbao,
na ambaye bibi zake ni Wawergaia, wa ziwa hilohilo.

Alisoma akila chungwa. Akauliza:
"Na huyu dobi?"
Dobi yupi?
"Ukurasa wa tisa. Wa ishirini na mbili. Wa mwisho.
Anafua mashuka ya kambi nzima.
Farasi anaitwa Duchess. Mbwa ana jina.
Paka wa mpishi ana majina mawili."

Bi Hester, nilikisoma kitabu chako mara saba.
Mimi, wakili wa waliosahauliwa,
nilimpita mara saba
kama upepo upitavyo kamba ya nguo,
nikipeperusha mashuka, nisione mikono.
Nyani haoni kundule; mimi nilikuwa na taa.

Tukaenda kwa gari lake, saa nne na nusu,
ghala za ngano zimesimama kama mabati ya mbingu,
kasuku wa waridi wakigombea nafaka njiani.
Ziwani maji yalikuwa kina cha kifundo.
Nilimwuliza kama kwao kuna amjuaye.
Alifunga kamba za viatu, polepole, zote mbili.
"Shangazi pengine analo jina.
Si langu kukupa. Wala si lako kuweka."

Kwa hiyo makala yameenda, jarida la tatu.
Sifa nimepunguza nusu; sentensi ya chumvi ipo.
Nimesema ulichoona, na uliyemwona ukapita.
Tanbihi ya arobaini na moja inasomeka:
Dobi. Jina lake halimo riwayani.
Humu pia halimo, kwa sababu nyingine.

Mhariri ameandika leo asubuhi:
"Tanbihi hii haijakamilika. Tafadhali kamilisha."

Birika linaunguruma. Talia amenyoosha mkono,
anataka kalamu yangu.